Funguo za Klabu Mikononi mwa Mtu Mmoja

Klabu za burudani, yaani vikundi ambavyo watu hujiunga navyo kwa hiari baada ya saa za kazi ili waimbe taarab, wakimbie alfajiri, wacheze bao au wapige picha, huonekana kwa nje kuwa mahali pasipo na cha kugombania, kwa kuwa hakuna anayelipwa mshahara na hakuna cheo kinachomletea mtu gari la ofisi. Hata hivyo historia ya klabu hizo katika Afrika Mashariki imejaa magomvi, na mengi kati ya hayo humzunguka mwanachama mmoja au wawili ambao, bila kukabidhiwa kazi hiyo na yeyote, huishia kuamua wimbo upi uimbwe, nani asimame mbele na fedha za tuzo azishike nani.

Ubabe, kwa maana inayotumika hapa, si ukali wa sauti, bali ni uwezo wa mwanachama mmoja kuzuia jambo ambalo wengi wamelikubali. Uwezo huo hautokani na tabia peke yake, kwani wapo watu wakali ambao klabu zao haziwasikilizi, na wapo wapole ambao bila wao mlango haufunguliwi. Mara nyingi hutokana na vitu: kinanda ni chake, chumba cha mazoezi ni cha nyumba yao, laini ya simu inayopokea michango imesajiliwa kwa jina lake, na yeye ndiye admini pekee wa kundi la WhatsApp. Zaidi ya hayo, mtu huyo huwa ndiye aliyejitolea kuliko wote wakati klabu ilipokuwa haina kitu, na kwa sababu hiyo kumpinga huonekana kuwa utovu wa shukrani, hata pale ambapo kila mmoja, mkutano ukishamalizika na watu wakarudi barazani, hukiri kwamba mambo hayaendi sawa.

Mwanaharakati wa Marekani Jo Freeman alilieleza tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipochunguza vikundi vya wanawake vilivyokataa kuwa na viongozi ili wote wawe sawa. Hoja yake ilikuwa kwamba kikundi kisicho na muundo ulioandikwa hakikosi wakubwa, bali huwa na wakubwa wasioonekana, ambao hawawezi kuondolewa kwa sababu hawakuwahi kuchaguliwa. Klabu inayojisifu kwamba “sisi hapa ni ndugu, hatuna haja ya katiba” ingefaa kuitafakari hoja hiyo.

Kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya uongozi hukipita haraka, nacho ni ushindani wa klabu na klabu. Ngoma ya beni, iliyoenea kutoka Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, iliendeshwa kwa makundi mawili mawili yaliyoshindana, kama vile Marini na Arinoti, na vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Palipo na mshindani wa namna hiyo, anayeweza kumshinda husamehewa mengi, na anayehoji matumizi ya fedha huitwa msaliti. Beni ilikuwa pia na desturi ya kugawa vyeo vingi vilivyoigwa kutoka jeshini na serikalini, ambavyo wengine wameviona kuwa mchezo tu wa kuwaiga Wazungu. Lakini vyeo vingi vina faida yake, kwa maana heshima iliyogawanywa kwa watu ishirini ni vigumu kuibiwa na mmoja.

Mgogoro unapokomaa, mwanachama huwa na njia mbili, ambazo mwanauchumi Albert Hirschman alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 1970: kusema au kuondoka. Kuondoka kumezaa mengi mema. Klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilianza baada ya baadhi ya wanachama kujitenga na Yanga mwaka 1936, mwaka mmoja tu tangu Yanga ianzishwe, na mgogoro mwingine wa Yanga mwaka 1976 uliizaa Pan African. Lakini Hirschman aliona pia hatari iliyojificha, kwamba wa kwanza kuondoka huwa ni wale wanaojali ubora zaidi, ambao ndio wangeweza kusema, na hivyo mbabe hubaki na wapiga makofi.

Desturi ya kuwaita wazee wasuluhishe ina thamani yake, ila ina kasoro moja isiyosemwa sana: suluhu hutafuta amani ya haraka, na njia fupi ya kuipata ni kumtaka aliye mdogo aombe radhi. Afadhali utaratibu uliowekwa kabla ya ugomvi kuzuka. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyewahi kushindwa kuongoza mkutano uliovurugika, alichapisha mwaka 1876 kanuni za mikutano ambazo bado zinatumika, na mojawapo inatosha kubadilisha mazoea ya klabu nyingi: hakuna anayezungumza mara ya pili juu ya hoja ileile wakati yupo anayetaka kuzungumza kwa mara ya kwanza.

Vilevile ala na vyombo vya mwanachama viandikwe kuwa ni vya kuazima, fedha zitolewe kwa saini mbili, na kundi la WhatsApp liwe na admini zaidi ya mmoja. Hatua hizi hazimvunjii mtu heshima wala hazimtuhumu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ikibidi kumfukuza mtu, aelezwe kosa lake kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, na aliyemshitaki asiketi miongoni mwa waamuzi, kwa kuwa klabu inayomwondoa mbabe kwa ubabe imebadilisha jina tu la anayetawala.

Klabu inayosajiliwa, iwe kwa Msajili wa Jumuiya au, kwa zile za michezo nchini Tanzania, kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, huwasilisha katiba yake, lakini nyingi huinakili kutoka kwa klabu jirani na kuifungia kabatini. Mwanachama ambaye mkutano mkuu wa klabu yake unakaribia aombe nakala ya katiba hiyo, kisha amuulize katibu, mbele ya wenzake, laini inayopokea michango imesajiliwa kwa jina la nani.