MTOTO ANAYECHORA HERUFI BILA KUZISOMA

Miaka michache iliyopita sisi wa zahanati tulikwenda katika shule moja ya msingi jirani na kigango chetu kupima macho na masikio ya watoto wa darasa la pili. Wakati tukingoja zamu zipangwe, tulipitia madaftari yao. Daftari moja lilitushangaza. Herufi zilisimama sawasawa juu ya mstari, hakuna mahali palipofutwa wala kuchafuka. Tukamwita mwenye daftari, mvulana mwembamba wa miaka minane, tukampongeza mbele ya wenzake. Kisha tukamwomba atusomee alichokiandika.

Akanyamaza. Tukamwonyesha neno moja tu, neno "baba". Akatazama dari. Kitabu cha kusomea alikijua kwa moyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini tulipofungua ukurasa wa katikati na kuweka kidole juu ya neno, hakuweza kulitamka. Mmoja wetu alisema kwa sauti, "Huyu anajua ila hataki, ni uvivu." Maneno hayo yanatusuta mpaka leo, kwa sababu nusu saa baadaye tulipoangalia masikio yake tulikuta yote mawili yanatoa usaha.

Mtoto yule hakuwa akiandika. Alikuwa akichora. Alinakili herufi za ubaoni kama mama anayedarizi kitambaa anavyofuata ua lililokwisha kuchorwa na mwenzake. Mkono na jicho vilifanya kazi nzuri, lakini sauti haikuwamo. Watoto wa namna hii wamo katika shule zetu nyingi, na kwa kuwa madaftari yao ni safi hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

TUANZE NA SIKIO NA JICHO

Mwanafunzi asiyesoma asiitwe kichwa maji kabla hajapimwa. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, na mtoto mwenye sikio hilo husikia kama aliyeziba masikio kwa pamba. Sauti za "sa" na "sha", au "pa" na "ba", humfikia zikiwa kitu kimoja. Mpelekeni zahanati. Nyumbani, fuateni maelezo ya mganga ya kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, angalau mara tatu kwa siku. Msitie mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Tumeona masikio yaliyoharibika zaidi kwa sababu ya dawa hizo za jirani.

Mzazi anaweza kufanya jaribio dogo mwenyewe. Simama nyuma ya mtoto, hatua moja tu, asione midomo yako. Nong'ona neno analolijua, kama "maji" au "kuku", na umwombe alirudie. Jaribu maneno kadhaa. Akishindwa mara kwa mara, usimpigie kelele; mlete apimwe vizuri. Kuhusu macho, mwangalieni anayekunja uso akitazama ubao, anayesogea mbele kila mara, au anayesoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua.

Mtoto aliyewahi kuugua malaria kali ya ubongo au homa ya uti wa mgongo naye afuatiliwe, kwani magonjwa hayo huweza kuacha uziwi au ugumu wa kujifunza hata kama mtoto anaonekana amepona kabisa. Na minyoo, upungufu wa damu na njaa ya asubuhi hatuna haja ya kuvieleza kirefu. Mtoto aliyetembea kilomita nne bila uji hawezi kukumbuka herufi ya jana.

DAKTARI ALIYEWAPA WATOTO MSASA

Wasomaji wengine watauliza, kwa nini ukurasa wa afya unaingilia kazi ya walimu? Tunajibu kwamba njia tunayoieleza hapa ilikuzwa kwa sehemu kubwa na madaktari. Maria Montessori, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1870, alihitimu udaktari huko Roma mwaka 1896. Akiwa daktari kijana alikutana na watoto waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili, ambao hakuna aliyefikiri kuwafundisha chochote. Alisoma kazi za madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, akaona kwamba mtoto ambaye maneno hayampenyi anaweza kufikiwa kwa njia ya vidole.

Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Tokeo la Bwana, alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Alikata herufi kutoka karatasi ya msasa, ile ile wanayotumia maseremala, akazibandika juu ya vibao. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi, kwa kufuata mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Kwa tendo hilo moja jicho liliona, sikio likasikia, kinywa kikasema, na mkono ukajifunza njia.

Huko Marekani, daktari wa magonjwa ya ubongo Samuel Orton aliandika mwaka 1925 juu ya watoto wenye akili nzuri walioshindwa kusoma. Mwalimu Anna Gillingham, akisaidiana na mwenzake Bessie Stillman, alitumia mawazo ya Orton kutunga utaratibu wa masomo: sauti moja baada ya nyingine, kutoka rahisi kwenda ngumu, daima kwa kuona, kusikia na kugusa pamoja.

SAUTI KWANZA, JINA LA HERUFI BAADAYE

Hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini, kwa sababu kosa hili hufanyika zaidi nyumbani. Wengi wetu tulifundishwa kuimba "a, be, che, de". Wimbo ni mzuri, lakini mtoto anayejua kwamba herufi ya kwanza ya "baba" huitwa "be" atajaribu kusoma "be-a-be-a", naye atakuwa na haki. Mfundisheni kwanza sauti yenyewe, midomo ikigusana na kuachana upesi, kisha aiunganishe na a: ba. Lugha yetu imetupa urahisi mkubwa. Ina irabu tano tu, na kila irabu ina sauti ile ile popote ilipo. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo.

Kabla ya kuona herufi yoyote, mtoto asikie vipande vya neno kwa makofi. "Ba-ba" makofi mawili. "Ki-ta-bu" matatu. "M-tu" ni mawili, na hapa hata watu wazima hubishana. Pigeni polepole mtaona kwamba ile m inasimama peke yake. Mtoto anayeweza kupiga makofi haya bila kukosea amekwisha kufungua nusu ya mlango.

Kisha mwili uitwe usaidie. Mtoto aweke vidole kooni aseme "sss", halafu "zzz". Katika sauti ya pili koo hutetemeka. Azibe pua ajaribu kusema "mmm"; haitoki, maana sauti hiyo hupita puani. Tofauti ya "ng'ombe" na "ngoma", ambayo huwatesa hata wa darasa la nne, huonekana wazi mtoto anaposikiliza pua yake. Kwa wale ambao lugha ya nyumbani haitofautishi r na l, na ni wengi, aonyeshwe ulimi unavyotikisika kwa r na unavyotulia kwa l. Akiona na kuhisi atajua tofauti hata kama sikio lake bado halijaizoea.

Herufi b na d hugeuzwa sana na wanaoanza. Mwalimu mmoja tuliyemkuta alikuwa na hila nzuri: b huanza na bakora, yaani fimbo inasimama kwanza, d huanza na duara. Watoto walisema maneno hayo kwa nguvu huku wakiandika hewani kwa mkono mzima. Kugeuza herufi katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida, wala si dalili ya ugonjwa.

MCHANGA, UDONGO NA VIZIBO

Shule ile ilikuwa na watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja, na vitabu havikutosha. Mwalimu aliwatoa nje kwa makundi, kila kundi na ungo au kipande cha bati lililokunjwa kingo, ndani yake mchanga laini. Alitamka sauti, watoto wakaiandika kwa kidole wakiitamka, wakatikisa ungo, wakaanza tena. Tuliona faida ambayo hatukuitegemea. Katika daftari kosa hubaki na alama nyekundu. Katika mchanga hufutika mara moja, na mtoto mwoga hujaribu tena bila aibu. Naye mwalimu anapopita huona papo hapo nani anaanzia herufi upande usiofaa.

Udongo wa mfinyanzi hutengenezwa herufi, zikaanikwa. Herufi za kugusa hupatikana bila msasa wa dukani: andikeni kwa gundi ya uji mzito wa unga juu ya boksi, nyunyizieni mchanga, acheni ikauke. Vizibo vya soda huandikwa silabi moja moja, na mtoto huvipanga: "ka" na "ka", kisha "da" huongezwa, akaona jinsi neno linavyozaliwa.

Lakini sisi watu wa afya tuna maonyo yetu. Mchanga usichotwe mahali kuku na paka wanapojisaidia. Kila mtoto anawe kwa sabuni akimaliza, kucha zikiwa fupi. Vizibo vigongwe kwa nyundo mpaka vilale, kingo zisikate vidole. Maharage na punje za mahindi zisitumiwe na watoto wadogo bila mtu mzima kuwaangalia. Tumeshatoa maharage puani na masikioni mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Mtoto wa mkono wa kushoto aachwe autumie. Kumfunga mkono huo kwa kitambaa, kama wengine wanavyofanya hata sasa, ni kumwongezea mzigo wa pili kabla hajaubeba wa kwanza.

SI DAWA YA KILA KITU

Tusiwadanganye wasomaji. Mchanga peke yake haufundishi kusoma. Utafiti umeonyesha wazi kwamba kinachosaidia ni kufundisha sauti na herufi zake kwa utaratibu, kila siku, na kurudia. Kwamba kugusa huongeza faida ya pekee juu ya hapo, hilo halijathibitishwa kwa uzito ule ule. Sisi tunaipenda njia hii kwa sababu humfanya mtoto atulie, atamke, atende, na kwa sababu ni ya bei nafuu. Lakini tumeona pia darasa ambapo watoto walicheza na udongo saa nzima bila kutamka sauti hata moja, na hilo lilikuwa somo la ufinyanzi. Yale maneno kwamba mtoto huyu ni "wa macho" na yule ni "wa masikio", kila mmoja afundishwe kivyake, nayo hayakupata uthibitisho yalipochunguzwa. Kila mtoto apewe vyote pamoja.

Wako pia watoto ambao masikio ni mazima, macho ni mazima, akili ni nzuri, na bado kusoma kunawashinda. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na mpenda hesabu, asiyeweza kusoma. Hali hiyo leo huitwa disleksia, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Si laana wala si kazi ya mkono wa mtu. Watoto hao huhitaji utaratibu ule ule, lakini kwa muda mrefu zaidi na kwa hatua fupi zaidi. Fimbo haijamsaidia hata mmoja.

NYUMBANI, BAADA YA CHAKULA CHA JIONI

Tulipomwita mlezi wa yule mvulana, alikuja bibi yake.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Huyu najua mnachotaka kuniambia. Mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?"

"Bibi, unajua vitendawili?"

Bibi alicheka. Mwalimu akamweleza: kila jioni wakikaa jikoni, wapige makofi ya maneno. Watafute vitu vinavyoanza na sauti moja: moto, mwiko, maji, mama. Mtoto aandike kwenye majivu yaliyopoa herufi aliyofundishwa siku hiyo, amfundishe bibi sauti yake. Dakika kumi zinatosha. Kazi za mikono zinazofanywa nyumbani, kama kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kusuka ukili au kutengeneza gari la waya, zisidharauliwe, maana vidole vyenye nguvu hushika penseli bila kuchoka.

Bibi aliuliza swali moja tu: kama akikosea, nani atajua? Mwalimu akamwambia amlete mjukuu dakika tano kabla ya kengele, amsikilize yeye.

Masikio yalichukua majuma mengi kukauka, na moja lilirudi kutoa usaha mvua zilipoanza. Hata hivyo mwezi wa tisa tulipopita tena shuleni, mvulana alituletea daftari bila kuitwa. Safari hii lilikuwa chafu, limejaa mafuto. Alisoma mistari minne, kidole chini ya kila silabi, akakosea "kulala" akasema "kurara", akarudi nyuma mwenyewe, akashika ncha ya ulimi kwa vidole, akalisema upya. Mwalimu alitueleza kwamba bibi yake sasa anajua irabu zote tano, na herufi b.