KURUTA WA UWANJA WA NJE: ABAKI AU ARUDISHWE?

Kila ofisa aliyewahi kukabidhiwa makuruta anaifahamu taabu moja isiyoandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo. Kijana aliyeletwa kwake na sifa tele kutoka chuoni anafika kikosini, na juma la kwanza tu anaharibu. Shabaha inamkataa, hatua za gwaride zinampotea, hata sauti ya kuitikia amri inamkauka kooni. Wenzake wanatazamana kwa pembe za macho. Mkuu wake naye anabaki na swali zito: je, kijana huyu abaki, au arudishwe alikotoka akajifunze upya? Akibaki, huenda akawaponza wenzake. Akirudishwa, huenda akavunjika moyo asiinuke tena.

Swali hilo halina jeshi wala taifa. Leo tunapenda kulitazama mahali ambapo wengi wetu hatupatazami mara kwa mara, yaani katika mchezo wa besiboli, mjini New York, Marekani, mwaka 1951. Mwaka huo timu mbili za mji huo mmoja zilipokea kila moja kijana mmoja wa kulinda uwanja wa nje. Wote wawili walikuwa wamezaliwa mwaka 1931. Wote wawili walianza kwa kushindwa. Mmoja akaachwa abaki, mwingine akarudishwa.

Besiboli si mchezo mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki, kwani mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Marekani, na kuwa timu ya kwanza ya Kiafrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Hata hivyo, kwa asiyeufahamu, tueleze kwa ufupi. Mrushaji wa upande mmoja hutupa mpira kwa nguvu, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuugonga kwa gongo. Nyuma kabisa, katika majani mapana, husimama walinzi watatu wa uwanja wa nje. Kazi yao ni kuukimbilia mpira uliopigwa mbali, kuudaka kabla haujagusa ardhi, na kuurudisha upesi. Zamu yao ikifika, nao pia hushika gongo na kupiga.

Kupiga huko ni kazi ngumu kupita kiasi. Mtu akifaulu mara 30 katika zamu 100 huhesabiwa kuwa hodari. Ina maana kwamba hodari hushindwa mara 70. Hapo ndipo ugumu wa kumpima mgeni ulipo: ni kushindwa kupi kulivyo kwa kawaida ya kazi, na ni kupi kunakoonyesha kwamba mtu hafai? Chini ya ligi kuu ziko ligi ndogo, ambazo ni kama vyuo vya mafunzo. Mchezaji hupandishwa kutoka huko, na asipofaa hurudishwa huko huko.

MACHOZI YA WILLIE MAYS

Willie Mays alizaliwa tarehe 6 Mei 1931 huko Westfield, jimbo la Alabama. Alianza kucheza na Birmingham Black Barons, timu ya ligi ya watu weusi, kwa maana ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi kwa miaka mingi, mpaka Jackie Robinson alipoufungua mwaka 1947. Mwaka 1950 Mays alisajiliwa na timu ya New York Giants, na msimu wa 1951 ulipoanza alikuwa katika timu yao ya ligi ndogo mjini Minneapolis. Huko, katika michezo 35, alipata mapigo karibu 48 kwa kila zamu 100. Hiyo ni hesabu ya kustaajabisha.

Mwezi wa Mei, Giants wakiwa wameanza msimu vibaya, wakamwita. Kijana mwenyewe hakutaka. Alimwambia meneja wa timu, Leo Durocher, kwa simu, kwamba warushaji wa ligi kuu wangemshinda. Durocher hakukubali. Mwenye timu naye alitoa tangazo katika gazeti la Minneapolis, akiwaomba radhi washabiki wa mji ule kwa kuwachukulia mchezaji wao.

Sifa za namna hiyo ni mzigo mzito juu ya mabega ya kijana wa miaka 20. Tarehe 25 Mei, mjini Philadelphia, alicheza mchezo wake wa kwanza, asipate pigo hata moja. Zamu 12 zikapita mikono mitupu. Tarehe 28 Mei, mbele ya washabiki wa nyumbani katika uwanja wa Polo Grounds, alikutana na Warren Spahn, mmoja wa warushaji wakali wa zama zile, aliyekuwa amepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Mays akaupiga mpira ukapaa juu ya paa na kutoka nje ya uwanja. Watu wakashangilia wakidhani sasa kijana amefunguka. Kumbe la. Ukame ukarudi. Zamu zake zilipozidi 20, pigo lake lilikuwa bado lile lile moja.

Ndipo siku moja, baada ya mchezo, Durocher akamkuta kijana huyo ameketi mbele ya kabati lake la nguo, analia. Mays aliomba arudishwe Minneapolis. Alisema hawezi. Durocher akamjibu, kama wote wawili walivyosimulia baadaye, kwamba maadamu yeye ni meneja wa timu ile, mlinzi wa kati wa uwanja wa nje ni Willie Mays, leo, kesho na keshokutwa.

Msomaji asidhani kwamba Durocher alikuwa mtu laini. Alikuwa mkali, mgomvi na mwenye maneno makali, hata mwaka 1947 wakuu wa ligi walimfungia msimu mzima. Mtu wa namna hiyo hambakizi mchezaji kwa kumhurumia. Alimbakiza kwa sababu alikuwa na daftari la pili.

DAFTARI LA PILI

Daftari la kwanza, lile la mapigo, lilisema kijana huyu hafai. La pili liliandikwa uwanjani. Mays alipokuwa akilinda, mipira ambayo kwa walinzi wengine ingeanguka chini, kwake iliishia mkononi. Alikuwa na mbio, na alikuwa na mkono wa kuurudisha mpira kama jiwe la kombeo. Kwa hiyo hata siku ambazo gongo lake lilikuwa bubu, timu ilikuwa inapata faida kwa kuwapo kwake. Dalili ya mvua ni mawingu, na Durocher aliyaona mawingu.

Tena hakumwacha kijana abaki vivi hivi. Alimshusha katika mpangilio wa wapigaji, ili timu isimtegemee mno na yeye asijione amebeba dunia nzima. Katika safari alilazwa chumba kimoja na Monte Irvin, mchezaji mweusi mwenye umri na busara, aliyetumikia jeshi la Marekani huko Ulaya wakati wa vita katika kikosi cha wahandisi. Irvin akawa kwake kama kaka mkubwa, akimwelekeza katika mchezo na katika maisha ya mji mkubwa.

Hata hivyo, haki inatudai tuseme na upande wa pili, maana nafasi katika kikosi haianguki kutoka mbinguni. Ili Mays apate nafasi, Bobby Thomson, aliyekuwa mlinzi wa kati, alihamishwa mahali pengine. Na ili jina la Mays liingie katika orodha, jina la mtu mwingine lilifutwa. Mtu huyo alikuwa Artie Wilson, mchezaji mweusi wa miaka 30, hodari wa Birmingham Black Barons, aliyecheza timu moja na Mays huko Alabama mwaka 1948. Mlango wa ligi kuu ulimfungukia akiwa ameshapita ujana wake, na hata hapo alipewa zamu 22 tu za kupiga. Alirudishwa ligi ndogo, na ligi kuu hakuiona tena. Kila siku ambayo Mays alishindwa, ilikuwa siku iliyotolewa katika sehemu ya Wilson. Meneja anayemvumilia mgeni na akumbuke ni nani anayelipa gharama ya uvumilivu huo.

MTOTO WA MCHIMBA MADINI

Ng'ambo ya pili ya mto Harlem, katika timu ya New York Yankees, alikuwako Mickey Mantle, kijana wa Kizungu kutoka Oklahoma, mtoto wa mchimba madini ya risasi na zinki. Alikuwa na miaka 19. Mwaka uliotangulia alikuwa bado analinda uwanja wa ndani katika ligi ndogo. Sasa alikuwa anajifunza kazi ya uwanja wa nje huku magazeti yakimtangaza kuwa ndiye mrithi wa Joe DiMaggio, shujaa wa timu hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mara nyingine wasifuji ndio wanaolitia maji tembo la mgema. Mantle alianza vizuri, kisha warushaji wakaugundua udhaifu wake. Akawa anakosa mipira mfululizo, na hasira ikampanda.

Katikati ya mwezi wa Julai meneja Casey Stengel akamrudisha ligi ndogo, katika timu ya Kansas City. Huko nako alianza vibaya, hata akampigia simu baba yake kumwambia kwamba mchezo umemshinda. Baba huyo alifunga safari mpaka Kansas City. Mantle alisimulia mara nyingi kwamba alitarajia kubembelezwa, lakini baba yake alianza kumfungia nguo katika sanduku, akimwambia kwamba kama ameshindwa kuwa mwanamume, basi warudi wote nyumbani akachimbe madini. Kijana aliomba abaki. Katika michezo 40 ya Kansas City alipata mapigo 36 kwa kila zamu 100, na mwezi wa Agosti Yankees wakamwita tena.

Basi, nani alikosea? Hakuna. Mays alikuwa amemaliza yote ambayo ligi ndogo ingeweza kumfundisha. Kilichompungukia ni imani, na imani haipatikani kwa kurudishwa nyuma. Mantle alikuwa bado anajifunza kazi mpya kwa macho ya mji mzima, naye alihitaji mahali pa kukosea pasipo na kelele. Dawa moja haiponyi maradhi mawili.

MWISHO WA MSIMU, NA BAADAYE

Mays alimaliza msimu ule akiwa na mapigo 27 kwa kila zamu 100, na mara 20 aliupeleka mpira nje ya uwanja. Akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Giants, waliokuwa nyuma sana mwezi wa Agosti, waliwafikia mahasimu wao Dodgers na kuwashinda tarehe 3 Oktoba 1951 kwa pigo la Bobby Thomson, yule yule aliyehamishwa kumpisha Mays. Wakati pigo hilo linatoka, aliyekuwa akingoja zamu inayofuata ni Mays. Katika fainali Yankees waliwashinda Giants kwa michezo minne kwa miwili. Tarehe 5 Oktoba, akiukimbilia mpira uliopigwa na Mays mwenyewe, Mantle alinasa mguu katika mfereji wa maji uwanjani akaumia goti vibaya.

Mwezi wa Mei 1952 Mays aliitwa jeshini akakaa kwa takriban miaka miwili, akiwa kambini Fort Eustis, Virginia. Mantle yeye alikataliwa na madaktari wa jeshi kwa sababu ya ugonjwa wa mfupa wa mguu. Mays alirudi mwaka 1954, akapata zaidi ya mapigo 34 kwa kila zamu 100, na timu yake ikatwaa ubingwa. Mwisho wa safari zao, Mays aliupeleka mpira nje ya uwanja mara 660, Mantle mara 536. Mantle alifariki dunia mwaka 1995, na Mays tarehe 18 Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 93.

Kwa ofisa na sajini mwenye makuruta mbele yake, masimulizi haya yanaacha maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kutia sahihi. La kwanza, kijana huyu amekosa ujuzi, au amekosa imani? La pili, mbali na lile linalomshinda, kuna kazi gani anayoifanya vizuri leo? La tatu, akibaki, nani atalala chumba kimoja naye; na akirudishwa, nani atamfuata huko?

Akishajibu maswali hayo, na aamue, kwa kuwa kusitasita nako kunaua. Kisha uamuzi wake amweleze kijana ana kwa ana, kama Durocher alivyofanya mbele ya lile kabati. Na siku hiyo hiyo, kabla hakujachwa, amwite pia yule aliyefutwa katika orodha, amweleze na yeye.