Majeruhi wa Vita na Mtoto wa Shule: Somo Kutoka Chama cha Maveterani wa Corpus Christi

Utangulizi



Vita ikiisha, serikali hutangaza siku ya kumbukumbu, mashada ya maua huwekwa mnarani, na watu hurudi kwenye shughuli zao. Anayebaki na vita ni yule aliyerudi bila mguu, au asiyelala usiku kwa yale aliyoyaona. Ndiyo maana katika nchi nyingi askari waliorudi vitani huunda vyama vyao wenyewe.

Ukichunguza vyama hivyo utaona jambo la kushangaza kidogo. Vingi hufanya kazi mbili kwa pamoja: huwasaidia wenzao walioumia, na huwahudumia vijana wa mahali walipo. Chama kikubwa cha Marekani kiitwacho American Legion, kilichoanzishwa Paris mwaka 1919, ni mfano mmojawapo. Kinawasaidia majeruhi kudai mafao yao, na tangu mwaka 1925 kinaendesha mashindano ya besiboli ya vijana. Mtu anaweza kuuliza: majeruhi na mtoto wa shule wanahusianaje?

Katika makala hii tunalijibu swali hilo kwa kuangalia chama kingine, chenye historia isiyojulikana sana kwetu: American G.I. Forum. Chama hiki kilizaliwa mwaka 1948 katika mji wa pwani ya Texas unaoitwa Corpus Christi, yaani Mwili wa Kristo.

Sheria nzuri isiyofika mlangoni

Neno "G.I." ni jina la kawaida la askari wa Marekani asiye na cheo kikubwa. Tarehe 22 Juni 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ikiendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyokuja kujulikana kama G.I. Bill. Sheria hiyo iliwapa askari waliorudi ada ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka, dhamana ya mkopo wa nyumba, na dola 20 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 52 kwa asiye na kazi. Zaidi ya askari milioni 7 waliitumia kusoma au kujifunza ufundi. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika familia zao kuingia chuo kikuu.

Hata hivyo, sheria hutungwa makao makuu na hutekelezwa na karani wa wilayani. Katika majimbo ya kusini, askari weusi walikuta milango ya benki na vyuo imefungwa. Huko Texas, Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikutana na ukuta wa namna yao. Walikuwa wamepigana Ulaya na katika visiwa vya Pasifiki, na baadhi yao walipewa nishani za juu kabisa za ushujaa. Waliporudi, malipo yao ya ulemavu na ya masomo yalicheleweshwa, na majeruhi walipata shida kupata kitanda hospitalini. Mijini walikuta mikahawa isiyowahudumia, na watoto wao wakisoma katika shule zilizotengwa.

Daktari na mkutano wa shuleni

Mmoja wa waliorudi alikuwa Dkt. Hector P. García. Alizaliwa mwaka 1914 huko Tamaulipas, Meksiko, akaletwa Texas akiwa mtoto wakati familia yake ilipokimbia mapinduzi. Wazazi wake walikuwa walimu. Alisomea udaktari, akaingia jeshini, akatumikia Ulaya hadi cheo cha meja, na akatunukiwa nishani ya Bronze Star. Baada ya vita alifungua zahanati Corpus Christi, ambako alijulikana kwa kuwatibu hata wasio na fedha.

Daktari ana nafasi ya pekee ya kuujua mji, kwa maana mambo ambayo watu huyaficha barabarani huyasema kwake. Dkt. García alisikia habari za barua zisizojibiwa, fomu zilizorudishwa na malipo yasiyofika. Tarehe 26 Machi 1948 aliitisha mkutano katika shule ya msingi mjini hapo. Wakaja watu wapatao 700. Malalamiko yalikuwa ya wazi: mafao yacheleweshwayo, uhaba wa nafasi hospitalini, na kamati za kuandikisha vijana jeshini ambazo hazikuwa na mjumbe hata mmoja wa jamii yao. Vijana wao waliitwa vitani na watu ambao wasingekubali kuketi nao meza moja.

Usiku huo chama kikaundwa. Jina lake halikutaja Meksiko. Waanzilishi walitaka ieleweke kwamba walikuwa Wamarekani wanaodai kile ambacho sheria ilikwisha kuwapa.

Kutoka hospitalini hadi darasani

Kazi za mwanzo zilikuwa za kawaida kabisa: kumsaidia mtu kujaza fomu, kuandika barua, kufuatilia faili. Ni kazi zisizo na sifa. Lakini kwa majeruhi aliyekwisha kurudishwa mara tatu dirishani, kuwa na mwenzake pembeni anayezijua taratibu ni tofauti kati ya kupata haki na kukata tamaa.

Haikupita muda chama kikaanza kuwashughulikia watoto. Sababu yake ilikuwa rahisi: veterani aliyetaka kutumia sheria ile kwenda chuo alipaswa kwanza awe amemaliza sekondari, na wengi walikuwa hawajamaliza. Waliachishwa masomo wakiwa wadogo ili wakavune pamba, au walisoma katika shule duni zilizotengwa. Jeraha la vita lilikuwa limekaa juu ya jeraha la utoto.

Hivyo wanachama walipita nyumba kwa nyumba wakiwahimiza wazazi kuwaandikisha watoto shule na kuwaacha wamalize. Walichangisha fedha za ufadhili wa masomo, na wakaunda matawi ya wanawake na ya vijana. Katika mwaka uleule wa 1948 waliunga mkono kesi ya Delgado dhidi ya wilaya ya shule ya Bastrop, ambapo mahakama ya shirikisho ilitamka kwamba kuwatenga watoto wenye asili ya Meksiko katika shule tofauti ni kinyume cha sheria. Mwaka 1954 mawakili wenye uhusiano na chama walishinda katika Mahakama Kuu ya Marekani kesi ya Hernandez dhidi ya Texas, iliyohusu haki ya jamii hiyo kutobaguliwa katika uteuzi wa wazee wa baraza.

Jeneza la Felix Longoria

Tukio lililokifanya chama kijulikane nchi nzima lilihusu marehemu. Askari Felix Longoria, wa mji mdogo wa Three Rivers, aliuawa Ufilipino mwaka 1945. Mabaki yake yaliporudishwa mwaka 1949, mjane wake aliomba kutumia ukumbi wa nyumba ya mazishi mjini kwa mkesha. Akajibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa wazungu wasingependa.

Ndugu wa mjane huyo, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wasichana kilicholelewa na chama, ndiye aliyempelekea Dkt. García habari. Tuliangalie hilo vizuri: kikundi cha vijana ndicho kilichokuwa njia ya kumfikia askari aliyekufa na familia yake. Dkt. García alipiga simu, akapewa jibu lilelile. Akatuma simu za maandishi kwa viongozi mbalimbali, na Seneta Lyndon Johnson, aliyekuja kuwa rais baadaye, akajibu. Tarehe 16 Februari 1949 Longoria alizikwa kwa heshima zote katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Haki inahitaji urafiki

Sisi tunaosoma falsafa tunaweza kuuliza: chama kiliongeza nini ambacho serikali haikuwa nacho? Fedha zilikuwepo, na sheria ilikuwepo. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba hata watu waadilifu bado wanahitaji urafiki juu ya haki yao. Haki humpa kila mtu kilicho chake, lakini lazima awepo mtu wa kuona kwamba hakijafika, na kwa kawaida rafiki ndiye anayeona kwanza.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana jina la jambo hili: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo Anno. Jumuiya kubwa isinyakue kazi ambazo jumuiya ndogo inaweza kuzifanya, bali iisaidie. Serikali inaweza kulipa pensheni kwa mamilioni ya watu, lakini haiwezi kugonga mlango wa mtu mmoja na kumuuliza kwa nini siku hizi haonekani.

Aristotle anatusaidia pia kujibu swali la majeruhi na mtoto. Katika kitabu cha tisa anaona kwamba mtenda wema humpenda aliyemtendea wema kuliko huyu anavyompenda yeye, kama fundi anavyoipenda kazi ya mikono yake. Anayepokea tu hubaki mdeni, bali anayetoa huona maisha yake yakiendelea ndani ya mwingine. Tukilitumia wazo hilo kwa majeruhi, tunaelewa kwa nini msaada peke yake hautoshi. Mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba yeye ni wa kusaidiwa hupona kwa namna nyingine anapoombwa kusaidia. Kumpa mtoto wa jirani wa kumsimamia masomo si kumwongezea mzigo. Ni kumrudishia nafasi yake katika jamii.

Swali gumu: je, heshima hununuliwa kwa damu?

Lakini makala hii isingekuwa ya kweli kama ingeishia kwenye sifa. Hoja kuu ya chama ilikuwa hii: tumepigania nchi, kwa hiyo tunastahili kutendewa sawa na wengine. Ni hoja yenye nguvu, na ilifungua milango. Ila ina shimo ndani yake. Yule ambaye hakupigana je?

Shimo hilo lilionekana wazi miaka ya 1950. Wakati huo vibarua wengi kutoka Meksiko walikuwa wakivuka mpaka bila vibali na kufanya kazi mashambani kwa ujira mdogo sana. Mwaka 1953 chama, kwa kushirikiana na shirikisho la wafanyakazi la Texas, kilitoa ripoti ya kupinga uhamiaji huo, na hata kichwa chake kilitumia jina la dharau waliloitwa wahamiaji hao. Chama kilikuwa na sababu zake: ujira wa raia maskini ulikuwa ukishushwa. Lakini waliosemwa vibaya walikuwa watu wa lugha moja na imani moja nao, na wengine ndugu wa damu.

Hapa ndipo falsafa ya nafsi ya mwanadamu inapotulazimisha kusema jambo moja bila kuzunguka. Felix Longoria hakustahili mkesha wa heshima kwa sababu alikufa vitani. Alistahili kwa sababu alikuwa mtu. Utumishi wake uliongeza deni la nchi kwake, lakini haukuumba utu wake. Hati Gaudium et spes, namba 29, inafundisha kwamba watu wote wana usawa wa msingi, na kwamba ubaguzi wa rangi, lugha au hali ya kijamii ni kinyume cha mpango wa Mungu. Haitaji cheti cha utumishi jeshini. Hivyo tunaweza kuwaheshimu waliojitoa bila kuifanya vita kuwa ada ya kuingilia katika ubinadamu. Tukishindwa kutofautisha mambo haya mawili, tutawafundisha vijana kwamba njia ya kuwa mtu ni kushika bunduki.

Dkt. García aliendelea na kazi yake ya udaktari na utetezi kwa miongo mingi. Mwaka 1984 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais, na Papa Yohane Paulo II alimtunuku heshima ya Mtakatifu Gregori Mkuu. Alifariki mwaka 1996. Mpango wa kuwahudumia maveterani ulioanzishwa na chama mwaka 1972 huko San Antonio ulikuja kuwasaidia wengi wasio na makazi.

Hitimisho

Mtakatifu Paulo anawaeleza Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Katika mji wenye jina la Mwili wa Kristo, watu 700 walilifanyia kazi neno hilo kwa fomu, barua na madaftari ya shule.

Katika parokia zetu nako wapo wazee waliorudi kutoka vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na wapo vijana waliorudi kutoka ulinzi wa amani nje ya nchi. Mara nyingi tunawakumbuka siku ya Mashujaa, basi. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi ya kufanya zaidi: kumjua kila mmoja kwa jina, kumsindikiza anayefuatilia mafao yake, na kumwomba naye atupe kitu. Huenda ni fundi mzuri wa kufundisha vijana wa mtaa, au anaweza kuwaeleza kwa ukweli vita ni nini, ili wasiitamani.

Tumwombe Mungu atupe macho ya kuwaona hawa, na unyenyekevu wa kupokea kutoka kwao.