Maziwa yanakuvuruga tumbo? Shida huenda iko kwenye swichi ya jeni

UKO kibandani Namanga na beshte wako. Yeye anamaliza kikombe cha pili cha maziwa, shwari kabisa. Wewe hata nusu hujafika, tumbo linanguruma na macho yanatafuta choo. Wanakucheka eti umelegezwa na maisha ya Kitengela.

Usiumie roho. Huenda ni jeni tu.

Karibu kila seli mwilini mwako ina nakala ileile ya DNA. Tofauti ya ngozi na utumbo ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Chukua jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Jeni hiyo iko hata kwenye seli za kidole chako, ila huko imelala. Huamka kwenye utumbo mdogo, kwa sababu seli za huko zina protini zinazoshika kipande fulani cha DNA na kuiwasha. Kipande hicho ndicho swichi.

Kwa watu wengi duniani, swichi hiyo hufifia baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Ukinywa maziwa ukubwani, laktosi hupita hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, unaendesha.

Mwaka wa 2007, watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan. Walipata badiliko la herufi moja tu ya DNA: G imekuwa C. Ajabu ni kwamba herufi hiyo haimo ndani ya jeni ya laktesi. Iko takriban herufi 14,000 kabla yake, ndani ya jeni jirani! Lakini inatosha kuiacha swichi ikiwaka hadi uzeeni. Wamaasai wengi wanalo badiliko hili. Wazungu wa kaskazini wana lao tofauti, eneo lilelile la DNA.

Wengi si wote, kwa hivyo usipime tumbo la mtu kwa kabila lake.

Ufanye nini? Jaribu mala, kwani bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Kunywa kidogo kidogo, pamoja na chakula. Ukiona damu chooni, ukikonda au ukiendesha kwa muda mrefu, usisingizie maziwa: muone daktari. Na beshte akikataa kikombe, msimlazimishe.