KUTHIBITISHA SAA YA MTANDAO: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba saa inayosomwa na kompyuta za afisi si jambo la kupuuzwa. Stakabadhi ya malipo, zabuni iliyopokelewa kabla ya muda kufungwa na jina la aliyefungua jalada la mgonjwa, yote hayo huandikwa pamoja na saa. Saa ikighushiwa, mtu huweza kupoteza haki yake bila ya kujua.

1. SAA HUPATIKANAJE

Ruta, yaani kifaa kinachopeleka mawasiliano kutoka mtandao mmoja hadi mwengine, huuliza saa kwa seva maalumu kwa kufuata utaratibu uitwao NTP. Utaratibu huo ulibuniwa na Profesa David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1985. Toleo la nne, ambalo ndilo linalotumika sasa, lilichapishwa mwaka 2010.

Kwa kawaida majibu ya seva husafiri bila ya muhuri wowote. Mwenye nia mbaya aliyekaa katikati ya njia aweza kujibu badala ya seva, akairudisha saa nyuma au akaipeleka mbele. Hapo vyeti vya usalama vilivyokwisha muda vitaonekana vingali halali, na kumbukumbu za matukio hazitafaa tena kuwa ushahidi.

2. UFUNGUO WA SIRI

Kinga yake ni ufunguo wa siri unaojulikana na seva na ruta tu. Seva hutumia ufunguo huo kutia muhuri jibu lake, na ruta huukagua muhuri huo. Ufunguo wenyewe haupiti mtandaoni. Mafundi wanatakiwa wafuate hatua hizi:

(a) kuandika ufunguo ule ule, kwa nambari ile ile, katika seva na katika ruta;
(b) kuiarifu ruta kwamba ufunguo huo unaaminiwa;
(c) kuwasha ukaguzi wa muhuri;
(d) kuutaja ufunguo huo katika amri inayoiambia ruta iulize saa kwa seva gani.

Hatua ya (d) ndiyo isahaulikayo. Katika ruta za Cisco, kwa mfano, hatua tatu za mwanzo peke yake hazitoshi: amri ya seva isipotaja ufunguo, ruta hupokea saa isiyo na muhuri, na fundi hudhani amefunga mlango kumbe ameurudisha tu. Ifahamike pia kwamba anayedai uthibitisho ni muulizaji. Kwa kawaida seva humjibu hata asiye na ufunguo.

Njia ya kuhakikisha ni kuubadilisha ufunguo upande wa ruta kwa muda, kisha kusubiri. Ruta ikiendelea kuikubali saa ya seva hiyo, kazi haijatimia.

Muhuri wa aina ya MD5, uliozoeleka kwa miaka mingi, umepitwa na wakati. Tangu mwaka 2019 unaopendekezwa ni AES-CMAC, pale vifaa vinapouwezesha.

3. MIPAKA YA MUHURI

Muhuri huthibitisha ni nani aliyetuma saa. Hauthibitishi kwamba saa hiyo ni sahihi. Tarehe 19 Novemba 2012, seva za Kituo cha Unajimu cha Jeshi la Majini la Marekani zilitoa saa za mwaka 2000, na mitandao kadhaa ikavurugika. Muhuri usingelizuia kosa hilo, kwani seva zilikuwa ndizo zenyewe. Kwa hivyo inashauriwa kutumia seva zisizopungua nne, ili iliyokosea itambulikane kwa kulinganishwa na nyengine.

Aidha, NTP hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Saa nne asubuhi kwetu huweza kuandikwa 07:00 katika kumbukumbu za mtambo. Hilo si kosa.

Wakuu wa afisi wanaombwa wahakikishe kwamba hatua zote nne zimetekelezwa. Wananchi nao wanaombwa wasome saa na tarehe ya kila stakabadhi kabla ya kuondoka dirishani.