Kompyuta ya nyumbani ni kasha la amana

NDUGU zangu katika imani, tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu aliyetujaalia kuifikia Ijumaa nyingine tukiwa hai, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi halionekani kuwa la msikitini, nalo ni kompyuta zilizomo majumbani mwetu na namna tunavyovitunza vilivyomo ndani yake.

Mimi ni mzazi niliyevutwa na mashine hizi tangu siku za chuo kikuu, na watoto wangu hunitania kwamba mimi ni fundi kwanza, usheikh baadaye. Hata hivyo, ufundi huo haukuniepusha na msiba ninaotaka kuueleza.

Mwaka 2012 binti yangu mkubwa alimrekodi bibi yake, yaani mama yangu mzazi, kwa jioni kadhaa. Bibi alikaa mkekani sebuleni, akamtajia mjukuu wake nasaba ya ukoo wetu, nani aliolewa wapi na nani alizikwa wapi, na jinsi alivyofundishwa kusoma na baba yake kwa taa ya kibatari. Nikazihifadhi sauti hizo katika kompyuta ya nyumbani, nikaridhika. Mwaka 2014 mama akatangulia mbele ya haki. Miaka miwili baadaye, usiku mmoja wa masika, umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo. Asubuhi kompyuta ilipowashwa ilitoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Fundi wa kwanza alishindwa, na wa pili akashindwa vilevile. Kompyuta nyingine tuliinunua baada ya miezi miwili. Sauti ya mama haikuwa na duka.

Kilichosalia ni dakika 11 tu. Mpwa wangu aliyeko Tanga aliwahi kuomba sehemu ya nasaba, akatumiwa, akaiweka kwake. Sisi tuliokuwa na kompyuta tulipoteza, na yule aliyeomba nakala ndiye aliyetuhifadhia.

Somo la nakala

Jambo hili si geni katika historia yetu. Baada ya vita vya Yamama, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (RA), wengi waliokuwa wameihifadhi Qur'ani vifuani waliuawa. Sayyidna Umar (RA) alihofia kwamba wahifadhi wakiendelea kuondoka namna ile sehemu yake ingeweza kupotea, akashauri ikusanywe kwa maandishi, na kazi hiyo akakabidhiwa Zaid bin Thabit (RA). Baadaye Sayyidna Uthman (RA), kwa lengo la kuuunganisha umma katika kisomo, aliamuru nakala ziandikwe na kupelekwa katika miji mikuu ya Waislamu. Qur'ani ina Mlinzi wake, wala hakuna kitu cha kulinganishwa nayo. Lakini masahaba, pamoja na yakini waliyokuwa nayo, hawakuacha kushika sababu. Basi sisi tuna udhuru gani wa kuweka vyeti, picha na hesabu za nyumba nzima ndani ya diski moja?

Wataalamu wa leo wana kanuni rahisi iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo huitwa 3-2-1. Maana yake ni kwamba kitu muhimu kiwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 miongoni mwa hizo iwe nje ya nyumba. Sababu ya sharti la mwisho iko wazi, kwani moto, mwizi na mafuriko havitaichukua kompyuta na kuiacha diski iliyo juu ya meza ileile.

Nyumbani kwangu tunaitekeleza hivi. Kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, kijana wangu wa darasa la sita huchomeka diski ya nje, hunakili mafaili mapya, huichomoa, kisha huandika tarehe katika daftari. Nimemsisitizia sana kuichomoa, kwa kuwa kuna programu za wizi ambazo huyafunga mafaili yote na kudai fidia, nazo hazibagui diski yoyote zinayoikuta imeunganishwa. Nakala ya pili ya vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na picha za familia tumeiweka katika hifadhi ya mtandaoni. Diski nyingine iko kwa dada yangu, na tunabadilishana naye kila Idd tunapotembeleana.

Ndugu msomaji, usiifanye flashi kuwa ghala. Hiyo ni chombo cha kubebea. Kumbukumbu yake hushikwa kwa chaji ndogo sana ya umeme, ambayo hufifia ikikaa miaka mingi bila kutumiwa, mbali na wepesi wake wa kupotea mfukoni. Diski za aina ya zamani nazo zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kugusa. Kuanguka mara moja, au umeme unaorudi kwa nguvu, kunaweza kuiua. Kwa hiyo mwenye uwezo na anunue UPS ili apate dakika chache za kuizima kompyuta kwa utaratibu. Asiye na uwezo huo aichomoe ukutani mara umeme unapokatika, wala asiirudishe mpaka umeme utulie.

Tena, kila baada ya miezi michache fungua faili moja au mawili kutoka katika nakala zako. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Deni lililofungiwa

Sasa tuangalie upande wa pili wa jambo hili. Mzee mmoja niliyekuwa nikiswali naye safu moja, mfanyabiashara mwaminifu wa nafaka, alikuwa akiandika madeni yake yote katika kompyuta, anayodai na anayodaiwa. Alifanya vyema, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mzee huyo alifariki ghafla mwaka 2021. Kompyuta ilikuwa na neno la siri alilolijua yeye peke yake.

Tunafahamu kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Mjane na watoto walijua kuwa madeni yapo, lakini hawakujua ni ya nani wala ni kiasi gani. Walitangaza msikitini, watu wakaja, na kila aliyekuja bila maandishi aliwatia katika mashaka: wakimlipa huenda wakawadhulumu mayatima, na wasipomlipa huenda wakamwacha baba yao na deni shingoni. Miezi ikapita. Hadi leo mwanawe mkubwa hana hakika kama yote yamelipwa, na kila tukikutana huniomba nimwombee mzee wake.

Hapa nimejifunza kwamba kuandika peke yake hakutoshi. Kilichoandikwa kinahitaji kuhifadhiwa kisipotee, na pia kinahitaji mtu wa kukifikia siku mwenyewe atakapokuwa hayupo. Kwa hiyo andika katika karatasi mahali zilipo diski zako, neno la siri la kompyuta, na akaunti zenye mambo ya familia. Tia karatasi hiyo katika bahasha, uifunge, uiweke pamoja na wasia wako, na watu wawili unaowaamini wajue ilipo. Usiitume kwa ujumbe wa simu.

Wenye akaunti za Google wajue pia kwamba tangu mwaka 2013 kampuni hiyo imeweka nafasi ya kumteua mtu atakayepewa mafaili ikiwa akaunti itakaa muda mrefu bila kuguswa. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Picha za marehemu zinaweza kuondoka hivyo, bila mtu kujua kwamba zilikuwapo.

Ama neno la siri lenyewe, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe hutayasahau na mwingine hawezi kuyabahatisha. Wala lisifanane na lile la barua pepe, kwa sababu mwizi akipata moja hulijaribu kila mlango.

Watoto na mlango wa kompyuta

Maradhi mengi ya kompyuta huingia kupitia mikono midogo inayotafuta michezo ya bure. Kompyuta yetu iko sebuleni, kioo chake kikielekea upande tunaopita sote. Kila mtoto ana akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuingiza programu mpya, hivyo akitaka kitu huja kuomba, tukakitazama pamoja. Katika kifaa kinachogawa intaneti nyumbani nimeweka anwani ya 1.1.1.3, huduma ya bure iliyoanzishwa na Cloudflare mwaka 2020 kwa ajili ya familia, ambayo huzuia tovuti nyingi za uchafu na za virusi. Lakini mzazi asilale kwa kutegemea kichujio. Mwanangu amenifuata zaidi ya mara moja kunionyesha kitu kilichomshtua, na naamini amethubutu kwa sababu hakuogopa kupigwa.

Jambo la mwisho ni kuhuisha programu. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za majumbani bado zinaitumia. Ikiwa yako haiwezi kupokea Windows 11, haina haja ya kutupwa. Mfumo wa Ubuntu hutolewa bure, na unatosha kwa kuandika, kusoma na kusikiliza mawaidha. Ila kabla ya kubadili chochote, chukua nakala kwanza.

Ndugu zangu, sikuombeni leo mfanye yote haya. Mtakaporudi kutoka katika sala ya Ijumaa, kaeni na watoto wenu mbele ya kompyuta au simu, mkajiulize swali moja: ni kipi humu ambacho hakinunuliki? Kichukulieni nakala kabla ya jua kuzama, na mumwambie mtu mmoja mahali ilipo.

Binti yangu sasa ni mama. Mwezi uliopita alimsikilizisha mwanawe zile dakika 11, na mtoto akauliza kwa nini bibi alikatishwa katikati ya maneno. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la kumpa. Dakika hizo hivi sasa ziko mahali patatu.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutekeleza amana zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia na awalinde watoto wetu. Wallahu a'lam.