Baraza ya Wenye Kisukari, na Jinsi ya Kuiandaa

Nataka kuwaelezeni habari ya baraza moja tuliyoiandaa sisi wenyewe, na kosa lililokuwamo, maana kosa lile lilinifundisha kuliko vitabu.

Katika mtaa wetu, chini ya milima ya Usambara, wako watu kadha wa kadha wenye ugonjwa wa kisukari. Kila mmoja alikuwa akienda kliniki kwa siku yake, akipewa dawa, akirudi nyumbani kukaa na ugonjwa wake peke yake. Mmoja alidhani ni yeye tu aamkaye mara nne usiku kwenda chooni. Mwingine aliona haya kujidunga sindano penye wakwe zake. Basi nikafanya shauri na mwenzangu mmoja tuwakusanye mara moja kwa mwezi, wapate kuzungumza, kucheka na kufundishana. Shauri lilikuwa jema. Maandalizi ndiyo yaliyokuwa mabaya.

Tuliwaita saa nne asubuhi, katika nyumba iliyo juu ya kilima, kwa kuwa huko kuna upepo mzuri. Chakula tulikipanga saa sita. Walakini hotuba zilirefuka, na msemaji wa mwisho nilikuwa mimi. Hata saa saba u nusu sufuria zilikuwa zingali jikoni. Mama mmoja alikuwa amejidunga insulini ya asubuhi kama desturi yake, akala kidogo tu kwa haraka ya safari, akapanda kilima kwa miguu. Nikiwa ningali nasema, nilimwona akitoka jasho, mikono ikimtetemeka, tena akijibu maneno yasiyopatana na swali. Sisi tulidhani amechoka. Binti yake ndiye aliyejua, akapaza sauti, "Sukari! Mpeni mama sukari!" Na katika nyumba ile haikuwamo sukari hata kijiko kimoja, kwa sababu mimi mwenyewe niliagiza isiletwe. Nilisema, "Hii ni baraza ya wenye kisukari, sukari ya nini?"

Mtoto akatumwa mbio nyumba ya jirani. Mama alikunywa, akapata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini muda ule wa kumngojea mtoto arudi sitausahau.

Sababu yake ni hii. Insulini hushusha sukari iliyo katika damu. Chakula kikichelewa, na mwili umekwisha kufanya kazi ya kupanda kilima, sukari hushuka kupita kiasi. Baadhi ya vidonge navyo vyaweza kuleta jambo hilo. Kipimo kikionyesha chini ya 70 kwa hesabu ya miligramu, au chini ya 4 kwa hesabu ya milimoli, sukari imeshuka. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na akili hupotea. Apewe upesi vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu bilauri kubwa ya soda yenye sukari. Zikipita dakika 15 apimwe tena. Kama hajapanda, apewe tena. Akiisha kupata nafuu, ale chakula. Lakini aliyezimia asitiwe kitu kinywani, asije akapaliwa. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja.

Wala msidhani kukutana kwa wagonjwa hawa ni jambo jipya. Insulini ilipatikana mwaka 1921 katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, kwa kazi ya Frederick Banting na wenzake. Na mwaka 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo naye akaishi. Mwaka 1926, katika mji wa Lisbon, daktari Ernesto Roma alianzisha chama cha kuwasaidia wenye kisukari maskini wasioweza kununua dawa. Mwaka 1934, kule London, daktari R. D. Lawrence na mwandishi H. G. Wells walianzisha chama kingine, na wote wawili walikuwa wenye kisukari. Hata leo tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ni siku ya kisukari ulimwenguni. Watu hao walijua ya kuwa dawa peke yake haitoshi. Mtu ahitaji wenzake.

Basi baada ya kosa langu tuliketi na wagonjwa wenyewe, tukawauliza, "Mwataka iweje?" Haya ndiyo waliyotufundisha.

Kwanza, mahali. Pawe karibu na njia ya gari, pasiwe na ngazi wala mtelemko mkali, maana yuko aliyekatwa mguu, na yuko asiyeona vema. Choo kiwe karibu, na njia yake iwe safi. Viti viwe na mgongo. Tena, desturi yetu ni kuvua viatu mlangoni. Lakini wengi wa hawa miguu yao imekufa ganzi, na aweza mtu kukanyaga mwiba asijue mpaka kidonda kioze. Kwa hiyo mwenye nyumba aseme mapema, "Ingieni na viatu vyenu." Sakafu hufagiliwa, mguu uliokatwa haurudi.

Pili, saa. Saa ya chakula itangazwe tangu siku ya mwaliko, kila mtu apate kupanga dawa yake kama alivyofundishwa kliniki, nayo isivunjwe. Hotuba na ingoje chakula. Chakula kisingoje hotuba. Siku nayo isiangukie siku ya gulio wala siku ya kliniki.

Tatu, chakula. Wote wale chakula kimoja, wagonjwa na wazima, pasiwe na meza ya kando ya kumtia mtu haya. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage au samaki, na robo iwe ugali au wali. Chai ipikwe bila sukari, itiwe tangawizi na iliki. Lakini sukari iwepo, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana, asiondoke barazani.

Nne, dawa. Chumba kidogo au pembe yenye pazia itengwe kwa wapendao kujidunga kwa faragha. Sindano zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, zisitupwe jalalani watoto wakazikanyaga. Insulini isikae juani. Pasipo barafu, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji, huihifadhi baridi.

Tano, watu. Kila mgonjwa aje na mmoja wa nyumbani mwake, maana yule binti ndiye aliyetuokoa siku ile, si mimi mwenye hotuba. Karatasi za mafundisho ziandikwe kwa herufi kubwa, nazo zisomwe kwa sauti. Asiye na nauli achangiwe kimya kimya. Na asiyeweza kabisa kutoka kwake, baraza ya mwezi ujao iwekwe uani pake.

Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi, nikidhani hatarudi tena. Akanijibu, "Mwalimu, nitakuja, ila sukari nitaishika mimi." Tangu hapo yeye ndiye mshika sukari wetu. Huifunga katika pindo la kanga yake, huketi mbele kabisa, na maneno yangu yakizidi hunionyesha saa iliyo ukutani. Nami hunyamaza, tukala.

Basi ninyi wenye nyumba, nanyi walimu, ulizeni mtaani kwenu ni nani wenye kisukari. Kabla hamjapanga lo lote, waulizeni wao wenyewe.